Sabuni Nyeusi na Sanduku Lisilofunguka

Nianze na visigino, maana yote yaliyotupata yalianzia huko chini. Mtu wa Goma unamtambua kwa visigino vyake. Tunatembea juu ya mawe ya volkano tangu siku tunayosimama dede, na mawe hayo yana meno. Vumbi lake jeusi huingia kwenye nyufa za mguu likakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Mama yangu alizaliwa upande wa Bukavu, ambako udongo ni mwekundu na una adabu. Kila nikirudi nyumbani alinitazama miguu na kusema, "Weye sasa ulishakuwa mutu wa Goma kabisa." Hakuwa ananisifu.

Kazi yangu ilikuwa kukata sabuni. Mahali pale wenyewe tulipaita kiwanda, lakini lilikuwa banda la mabati lenye mapipa mawili ya kupikia, makasha ya mbao ya kugandishia, na waya wangu wa kukatia. Tulikuwa watu watano ukimhesabu Patron, mwenye kiwanda. Nilikata miche ya sabuni kwa miaka mingi hadi nikaanza kukata kila kitu sawasawa, hata ugali wa watoto wangu. Walilalamika kwamba wanakula matofali.

Patron alikuwa mzee Mwislamu, mpole, ambaye ukoo wake ulifika Goma na biashara kutoka Maniema. Kiwanda kilianzishwa na baba yake, na baba yake ndiye aliyeweka sheria moja tu: sabuni ni ya mawese, na rangi yake ni ya njano. Inasemekana hata alipokuwa akikata roho aliuliza kama sabuni ya asubuhi imekauka. Picha yake ilining'inia juu ya mapipa, ikitutazama kwa jicho la mtu anayehisi harufu mbaya.

Chini ya Patron kulikuwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye meza, kiti na muhuri. Muhuri ule aliupenda kupita kiasi. Siku moja alipiga muhuri kwenye mkate wake wa mchana ili mtu mwingine asiule. Halafu kulikuwa na mpishi, mzee aliyejua sabuni imeiva kwa kuigusa na ncha ya ulimi. Ikimchoma alisema, "Bado," isipomchoma alisema, "Iko." Ulimi wake ulikuwa umekufa zamani kwa mambo mengine, na mkewe alituambia kwamba kwa mumewe kila chakula ni kitamu. Wa mwisho alikuwa mwanamume mrefu, mwenye haya, aliyeendesha chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali. Alituletea maji kutoka ufukwe wa ziwa pale Kituku, kisha akapeleka sabuni kwenye malori ya kwenda mji wa Kiwanja, ambako ndiko tulikouza karibu kila kitu.

Siku volkano ilipotema moto tulikuwa na pipa zima jikoni. Mpishi alikuwa ametoka tu kulamba na kusema, "Bado." Ardhi ilitikisika, mchanga mweusi ukaanza kumwagika kupitia matundu ya mabati, na watu barabarani wakapiga kelele kwamba moto unashuka mjini. Tulikimbia kama tulivyo. Mimi nilivuka mpaka na watoto wawili mkononi na waya wa kukatia shingoni, na mpaka leo sijui kwa nini niliokoa waya nikaacha godoro.

Tuliporudi, mto wa moto ulikuwa umekata mji vipande viwili ukaingia ziwani, na ulikuwa umesimama viwanja viwili tu kutoka kwetu. Mawe bado yalikuwa ya moto. Soli za raba zangu ziliyeyuka njiani, nikafika kazini nikiwa na raba upande wa juu tu. Ndani ya pipa sabuni ilikuwa imeganda yenyewe, nyeusi ti, imejaa chembe za mawe. Patron aliitazama, akaitazama picha ya baba yake, akasema itupwe.

Lakini miguu yangu ilikuwa imeungua na imejaa masizi, na sabuni ni sabuni. Nilivunja kipande, nikakaa kwenye kizingiti na ndoo, nikasugua. Jamani! Chembe zile zilikwangua taratibu, povu likatoka jeusi, na chini yake vikatokea visigino ambavyo sikuwa nimeviona tangu kipaimara. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, mji umeungua na mimi nacheka na miguu yangu. Nikasema moyoni, mji huu una visigino maelfu kwa maelfu, na dawa yake ni jiwe lilelile lililoviharibu. Badala ya kuitupa, niliikata nikaificha chini ya meza yangu.

Ombi langu la kwanza nililitoa kwa mdomo. Nilimwambia Patron tusage mawe, tuchanganye, tujaribu hata kasha moja. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza habari za watoto, kisha akasema, "Mama, sabuni ya papa iko ya njano," yaani ya baba yake. Nilimwambia papa hakuona volkano hii. Akajibu kwamba papa aliona zingine, na hakuzitia ndani ya sabuni.

La pili shemeji alitaka niliandike, nakala tatu. Niliandika. Akazipiga muhuri zote, akazipeleka kwa Patron. Patron akazirudisha kwa shemeji ili atoe maoni. Shemeji akasema jambo hili ni la ufundi, linahitaji maoni ya fundi, na fundi wa kukata ni mimi. Kwa hiyo wiki moja baadaye nililetewa barua yangu mwenyewe niitolee maoni. Niliandika kwamba wazo hili ni zuri sana na mwenye nalo ana akili. Shemeji alilikataa kwa sababu mtoa maoni anaonekana kuwa na upendeleo.

Nina hasira za karibu, nakiri. Siku ile nilikata miche ya sabuni kwa nguvu hadi waya ukaimba.

Baada ya volkano mji ulijaa mashirika, na kila shirika lilikuja na semina yake. Patron alialikwa kwenye moja, siku tatu hotelini, kwa ajili ya wenye kazi ndogondogo. Alirudi na kofia, kalamu mbili, na neno jipya la ubunifu: inovasioni. Alilitamka kama mtu anayebeba yai mdomoni. Alitukusanya akatuambia kwamba huko hotelini amefundishwa kuwa mawazo bora hutoka kwa wafanyakazi. Nilidhani sasa atanigeukia mimi. Akageukia mlango, na mwenye chukudu akaingia amebeba sanduku la mbao lenye mdomo mwembamba juu na kufuli kubwa mbele. "Mukuwe na wazo, muandike, mutie humu," alisema Patron. "Bila jina."

Hakuna aliyetia hata kijikaratasi. Sijui kama waliomfundisha hotelini walijua wako mji gani. Tulikuwa mikononi mwa waasi, na kabla yao tulikuwa mikononi mwa waasi wengine. Karatasi isiyo na jina ndani ya sanduku lenye kufuli ilikuwa na kazi moja tu tuliyoifahamu: kumchongea jirani. Watu walitolewa nyumbani kwa sababu ya karatasi za namna hiyo. Mpishi alianza kupita mbali na sanduku, akizunguka mapipa yote mawili, ili mtu asije akasema alimwona karibu nalo.

Patron mwenyewe aliliogopa kuliko sisi. Nilimsikia akimwambia shemeji, "Bakikuta humo karatasi mubaya, batasema niliisoma. Karatasi sikusoma haiwezi kunifunga." Asubuhi moja akamkabidhi shemeji ufunguo mbele yetu sote, akamtangaza kuwa chefu, yaani mkuu, wa mawazo. Shemeji aligeuka rangi ya jivu. Kesho yake alikuja na suruali imelowa mpaka magotini akatuarifu kwamba ufunguo umemponyoka ziwani, Kituku, wakati anaosha pikipiki. Pikipiki yenyewe ilikuwa na vumbi.

Na hapo, msomaji, ndipo ukaja muujiza. Ufunguo ulipopotea, watu walianza kuliamini sanduku. Lilikuwa halifunguki, kwa hiyo lilikuwa salama. Nilimwona mwenye chukudu akilizunguka, akikohoa, akitazama dari, kisha mkono wake ukaenda mdomoni mwa sanduku na kurudi upesi kama umeumwa. Siku nyingine nilisikia muhuri ukigonga chumbani kwa shemeji wakati hakuna barua yoyote, kisha hatua zake za kunyata. Mimi sikutia kitu. Nilikuwa nimeomba kwa mdomo, nimeomba kwa nakala tatu, sasa nikaliombe na sanduku? Kiburi changu kilikataa kabisa.

Wakati huohuo sabuni yangu nyeusi chini ya meza ikaanza kupungua. Leo mche, kesho nusu mche. Nililalamika, na shemeji akabandika tangazo lenye muhuri kwamba ni panya. Panya hula sabuni, ni kweli, lakini panya hawa walikata pembe nne sawasawa. Nikaanza kupeleleza. Mwenye chukudu, aliyesukuma ardhi kwa mguu wake maisha yote, alianza kukunja suruali hadi kwenye mashavu ya miguu. Mpishi alikuja kazini na kandambili mpya zilizo wazi nyuma. Shemeji alikaa akiwa ameweka miguu juu ya meza, bila viatu, akisema ni joto. Kisha Ijumaa moja, Patron alitandika mkeka wake ghalani kuswali, akaacha viatu mlangoni. Nilipita na kasha langu. Alikuwa amesujudu, na visigino vyake vilikuwa vyeupe, laini, kama vya mtoto wa siku arobaini. Mzee aliyetawadha mara tano kwa siku, na hata siku moja hakuwa na visigino vile kwa sabuni ya njano.

Ningeweza kusema. Niliondoka na kasha langu na hasira yangu, nikingoja aje aniambie mwenyewe.

Aliyetutia haraka ni mama mmoja wa Kiwanja, mfanyabiashara mwenye sauti ya kuita lori lililokwishaondoka. Ndiye aliyenunua karibu sabuni zetu zote. Alikuja mwenyewe kutuambia kwamba sabuni kutoka ng'ambo ya mpaka imeshuka bei, na ya kwetu hana tena sababu ya kuichukua. Nilimvuta pembeni, nikamwosha kisigino kimoja kwa sabuni nyeusi. Kimoja tu, kusudi aone tofauti. Akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye mapipa akitazama nyuma yake mwenyewe, na kuku wetu wote wakamkimbia kwa kelele alizopiga. Alimwita Patron. "Muzee, hii njo sabuni! Munipatie hii mbele ya Pasaka, nitakamata yote. Kama haiko, mimi na nyiye, basi, tulishaachana." Akaondoka na kisigino kimoja cheupe na kimoja cheusi, akakataa kabisa kuoshwa cha pili hadi aletewe shehena.

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kama mchana. Tukiifanya, kiwanda kinaishi. Tusipoifanya, watu watano tunarudi nyumbani, na mimi nina watoto wawili na waya.

Patron aliita mkutano. Tulisimama chini ya picha ya baba yake. Alieleza aliyosema yule mama, akasafisha koo, akauliza, "Sasa nauliza kwa bote. Kuko mutu anataka tufanye hii sabuni ya mweusi? Ainue mukono."

Lazima nieleze mkono katika Goma ya miaka ile. Waasi walikuwa wakituita kwenye mikutano kiwanjani na kutuuliza nani anawaunga mkono. Ukiinua mkono wa kwanza, waliandika jina lako kwa furaha. Kisha wakaja waasi wengine na wakakuta jina lako limeandikwa. Kwa hiyo tulijifunza wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba mkono mzuri ni mkono wa pili. Hata kanisani padri akiuliza nani atasoma somo, tulitazamana. Mji mzima ulikuwa wa mikono ya pili, na mji wa namna hiyo hauinui kitu.

Shemeji alitazama muhuri wake. Mpishi alilamba midomo kama anaipima sabuni. Mwenye chukudu alitazama dari. Patron alitutazama mmoja mmoja, akaniangalia mimi mwishoni, akakawia hapo. Nami, niliyeomba mara mbili, niliyemwosha mama wa Kiwanja kwa mikono hii, niliiviringisha mikono yangu ndani ya kitenge nikaibana. Nilisema moyoni: hapana, leo waanze wao. Visigino vyao wote ni vyeupe kwa sabuni yangu, acha hata mmoja aseme. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa na woga vilevile, ila hasira ilinisaidia nisiuone.

"Hakuna?" aliuliza Patron.

Kuku mmoja alipita katikati yetu. Hakuna aliyeinua chochote.

"Basi," alisema, "batu balishakataa."

Pasaka ilikuja ikapita. Mama wa Kiwanja alichukua sabuni ya ng'ambo kama alivyoapa, na nasikia kwa muda mrefu alitembea na visigino vya rangi mbili kwa ukaidi. Tuliendelea kupika ya njano hadi bei ya mawese ikatushinda, kisha mpishi akazima moto. Siku ya kuachana, kila mtu alipewa kitu cha kubeba nyumbani. Mpishi alipewa mwiko wake. Mimi Patron aliniambia, "Kamata hata hii sanduku, mama. Iko mbao muzuri." Nililibeba kichwani, kwa hasira, nikilikusudia kuni.

Nyumbani nililivunja kwa jiwe la volkano. Kufuli halikutikisika hata kidogo, ila mbao za nyuma ziliachia kwa pigo moja. Ndani mlikuwa na karatasi tatu na kifurushi kidogo.

Ya kwanza ilikuwa na picha ya unyayo, umechorwa kwa makaa, na mishale miwili inayoelekea kisiginoni. Mwenye chukudu alikuwa ameandika chini yake: Hii iko muzuri. Ya pili haikuwa na jina, ila ilikuwa nakala tatu zilizobanwa pamoja na zote zina muhuri. Ilisema kwamba mfanyakazi mmoja asiyejulikana anapendekeza kwa heshima ile sabuni nyeusi. Kifurushi kilikuwa kipande chembamba cha sabuni nyeusi chenye alama ya ulimi, maana mpishi hakujua kuandika. Kwa ulimi alikuwa ametuachia neno lake moja tu: Iko.

Ya mwisho ilianza na Bismillahi. Katika kiwanda kile mtu mmoja tu alianza hivyo kila karatasi, hata orodha ya kununua soda. Chini yake, kwa kalamu ya semina, iliandikwa: Naomba uongozi ukubali sabuni ya mama mukata sabuni.

Nilisoma nikacheka hadi watoto wakaja kuangalia. Kisha kicheko kikanigeuka, nikakaa chini sakafuni.

Nilikwenda kwa Patron jioni ileile na karatasi zote na kile kifurushi. Alikuwa barazani. Alizisoma moja moja, akanusa alama ya ulimi wa mpishi, akacheka vile alivyocheka mara chache, bila sauti, mabega tu. Nikamuuliza, "Sasa Papa, uongozi uliokuwa unauomba njo nani? Uongozi njo weye!"

"Bandugu zangu bangesema nilichafua sabuni ya papa," alisema. "Nilihitaji niwaambie bafanyakazi njo balitaka. Nilihitaji mukono mumoja tu, mama. Mumoja." Alizikunja karatasi polepole kwenye mikunjo yake ya zamani. "Siku ya mukutano bote balikuwa banatazama pembeni. Mimi nilikuwa nakutazama weye."

Nilizihesabu mikononi mwake. Karatasi moja ilikuwa yake, nyingine za shemeji na mwenye chukudu, na sabuni ilikuwa ya mpishi. Yangu haikuwamo. Katika watu watano wa kiwanda kile, aliyekaa kimya mkutanoni na sandukuni pia ni mwenye wazo.

Patron alivuta miguu yake chini ya kiti, lakini nilikuwa nimeshaiona. Visigino vilikuwa vimeanza kupasuka tena. Niliomba maji na kisu, nikakiweka kile kipande cha mpishi juu ya kizingiti, nikakikata vipande vitano sawasawa. Nilimpa cha kwake, vitatu nikavifunga niwapelekee wenzangu kesho, na changu nikakitia ndani ya kitenge, palepale nilipoficha mikono siku ya mkutano.